Josho la Sukuma Wiki

Tak! Ndivyo ulivyolia uti wa jani la sukuma wiki msimu ule wa kwanza. Wanawake wa mtaa wa Bulla Pesa walifika shambani kwa Habibo, kando ya mto, na kabla ya kununua kila mmoja alivunja jani karibu na sikio. "Hii ina maji," walisema, wakajaza vikapu.

Habibo hakuzaliwa shambani. Alikulia Gotu nyuma ya ng'ombe, na ukame ulipowamaliza akashuka mtoni na jembe la kuazima. Sukuma ile ililisha wanawe, Wato na wadogo zake. Watu wakaacha kumpa pole, wakaanza kumwamkia.

Kisha wakaja vidukari, wadudu wadogo wanaonyonya majani. Habibo alijua dawa ya kitu kinachonyonya. Kwa baba yake mbuzi walipelekwa joshoni kila wiki, wakaogeshwa dawa, kupe wawepo wasiwepo. Basi akanunua pampu ya kupulizia dawa, na kila Jumamosi akaiogesha sukuma.

Sasa majani yalitoka madogo, yamekunjamana, kingo zimeungua. Ukilivunja moja, lilijipinda tu kama ngozi. Nyanya za pembeni ziliangusha maua kabla ya kushika tunda, na nyuki walikuwa wamehama. Wanawake wa Bulla Pesa nao walipitiliza.

Jumamosi hiyo Kinyua, Mmeru wa shamba jirani, alimkuta Habibo akijitwika pampu mgongoni.

"Mama Wato, unaogesha tena? Hizo si mbuzi!"

"Na wewe si daktari wao."

"Mimi niliunguza kabeji zangu zote, hiyo ndiyo shule yangu. Mbuzi ana ngozi nene. Jani linapumua, dawa inaingia mpaka ndani. Nguvu ya kukua inaishia kupigana na dawa. Chuma yale yenye wadudu, mengine mwagilia tu, ungoje."

"Ningoje wamalize shamba?"

"Wao watakula kidogo, mama. Wewe ndiye unamaliza."

Habibo aligeuza jani moja. Vidukari walikuwepo, wametulia kama wenye nyumba. Mkono wake ulirudi kwenye mpini wa pampu, ukakaa hapo. Mwishowe akafungua mikanda, akamsukumia Kinyua pampu kifuani.

"Peleka kwako. Ikilala hapa nitapuliza."

Kinyua alicheka. Habibo hakucheka. Alitazama ile mistari ya majani yaliyokunjamana, akasema kwa sauti ambayo mto ulikaribia kuimeza:

"Ng'ombe nao niliwangojea hivi hivi, nikiangalia, mpaka wakaisha."