Tunakungoja Wewe

Siku ninayoikumbuka bila kupenda, mwanangu, ni ile Jumamosi mdogo wangu Ouma alipokuja kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli pale Kondele, amebeba samaki wakavu ndani ya gazeti. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaniangalia nikinyoosha rimu, kisha akasema, "Omera, ndugu yangu, jenga nyumba kwetu, hata ya udongo. Kwa siku moja inasimama. Vijana wa kukusaidia ninao."

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Asembo, mdogo hatoki kwa baba akaanzisha boma lake kabla ya kaka yake. Ouma alikuwa na mke na watoto, na wote walilala kwenye simba, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango la marehemu baba. Mvua ikinyesha watoto walihamia jikoni kwa mama. Kilichomzuia kuhama ni mimi, kaka yake, niliyekuwa sijajenga nyumbani.

Na sikuwa maskini, nasema wazi. Niliacha shule darasa la tatu, nikajifundisha spana mwenyewe, hakuna mtu alinishika mkono. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nimepanga Migosi, chumba chenye umeme. Ndiyo maana sikutaka udongo. Wale walionicheka kwa kukosa shule nilitaka waje waone matofali, waone mabati, wakanyage sakafu ya simiti. Basi nikamjibu Ouma kama mtu wa kanisa: "Tungoje wakati wa Mungu, ndugu yangu. Usimharakishe."

Ouma alicheka kidogo. "Mungu alifika zamani," akasema. "Amekaa hapa kwenye benchi na mimi. Tunakungoja wewe."

Wateja wakaangua kicheko. Nilichukua samaki, nikamwambia nina kazi.

Wenzake kanisani walimwambia, wewe umeokoka, mila za nini, jenga uhame. Mama ndiye aliyenisimulia Ouma alivyowajibu. Alisema haogopi laana yoyote, ila hawezi kutoka kila asubuhi kwenye lango lake mwenyewe huku kaka yake akirudi nyumbani hana pa kuweka mguu. Watu watamdharau kaka yake, alisema. Unaona, mwanangu? Jina langu nililokuwa nalilinda kwa matofali, yeye alikuwa analilinda kwa watoto wake kulala jikoni.

Akaendelea kungoja. Siku nyingine aliuliza, siku nyingine alikaa tu, akanywa chai, akarudi ziwani. Mimi Jumapili nilisimama mbele ya watu nikishuhudia juu ya subira, nao wakaitikia amina.

Halafu miaka ya tisini gugu maji likafunga ziwa. Mitumbwi ilikwama, na Ouma alishinda majini akisukuma mtumbwi wake katikati ya magugu. Kifua kikamkamata. Alipoletwa hospitali Kisumu sauti ilikuwa imebaki kidogo. Nikamwambia, "Mwezi ujao najenga. Hata ya udongo."

"Sawa, omera," akasema. "Nitangoja."

Hakufika huo mwezi. Tulimzika kwa baba, kando ya simba yake, mahali pa mwanamume ambaye hakuwahi kuwa na lango lake. Mtu mwenye mvi, mwenye binti wa kuolewa, amelala pale kama mvulana. Mama hakulia. Watu walipoanza kutawanyika alinifuata akasema, "Sasa jenga vile unavyotaka. Hakuna anayekungoja."

Nilijenga. Matofali, mabati, simiti, kila kitu. Nyumba iko pale mpaka leo, na nikitoka kwenye lango langu naona kaburi lake. Walionicheka hawakuja kuiona. Wengine walikuwa wamekufa, na wengine hawakukumbuka kwamba waliwahi kunicheka.

Sijui Mungu alimjibu Ouma namna gani. Nitamuuliza nikifika, kama mtu kama mimi atapewa nafasi ya kuuliza. Ninachojua ni kwamba Ouma alimwamini hadi mwisho bila kumtukana, wala kunitukana mimi.

Kwa hiyo sikiliza. Mngoje Mungu, usikimbie mbele yake, usipore kile ambacho hajakupa. Lakini usiweke jina lake juu ya kiburi chako. Ukitaka kusema wakati wake haujafika, kwanza angalia mikono yako kama haijazuia kitu cha mtu. Mara nyingi wakati wake ukifika hupitia kwa mtu, na huyo mtu anaweza kuwa wewe, umeinamia baiskeli ukijifanya una kazi. Na subira si kukaa tu. Ni kumbeba mwenzako wakati anakuchelewesha, na usimwaibishe. Hiyo niliiona kwa mvuvi, sikuiona kwangu.

Mungu akupe subira ya Ouma, mwanangu, akuepushe na yangu. Na kama leo kuna mtu amekaa kwenye benchi lako, Mungu akuinue umwendee mtu huyo kabla hajaondoka.