Alama za Breki Barabara ya Usenge

Kwa miaka mingi Mwalimu Seline aliwapa wanafunzi wake wa fizikia swali lile lile: gari limefunga breki, matairi yameburura umbali fulani, tafuta mwendo. Sasa swali lilikuwa mezani kwake Kaloleni, na dereva alikuwa mwanawe.

Oyugi alikuwa amemgonga Dorca, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, kule Usenge, akamvunja mguu. Aliapa kwamba alikuwa akienda kilomita hamsini kwa saa. Kesho familia mbili zingekutana kusuluhishana.

"Mama Oyugi, wewe ndiye uliyesoma," alisema shemeji yake, Gordon. "Piga hesabu wakose la kusema. Jina la marehemu ndugu yangu halitaburutwa sokoni."

Jina hilo Seline alilitunza kama mboni ya jicho. Tangu afiwe, hakuna aliyewahi kubisha mlangoni kwake kwa shauri la aibu.

Alama za matairi alizipima mwenyewe: mita thelathini na sita. Akatumia msuguano wa lami yenye utelezi, kwa kuwa Oyugi alisema lori la samaki lilikuwa limemwaga maji ya barafu pale. Jibu likatoka hamsini na tatu.

Gordon akapiga meza. "Unaona? Hesabu haina shangazi wa kumpendelea."

Seline hakucheka. Kitu kilimkera.

"Oyugi, Dorca alikuwa ameanika wapi?"

"Pale pale kwenye lami, Mama. Wavu wake wa kuanikia ulienda sambamba na alama zangu zote."

"Na omena?"

"Kavu kabisa. Upepo wa gari uliipeperusha hadi..."

Seline aliitua kalamu. Hakuna mama wa Usenge anayetandaza omena penye maji. Ingeoza kabla ya jioni.

Akaanza upya, kwa msuguano wa lami kavu. Akatafuta kipeuo cha pili. Themanini na moja.

"Futa hiyo," Gordon alinong'ona. "Pale Usenge nani anajua msuguano?"

"Mimi najua, shemeji."

Gordon akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Seline alikunja karatasi, akampa mwanawe bila kumtazama usoni.

"Kapige pasi shati la kanisani. Kesho utaisoma wewe."

"Mbele ya Dorca, Mama?"

"Mbele yake. Nami nitakuwa nimesimama kando yako."