Karatasi Tupu za Wambua

Nakumbuka Ijumaa moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko Thika. Makataa ya insha yetu ya malezi yalikuwa saa sita mchana. Mwalimu Kamau, aliyetufundisha somo hilo, aliishi Ruiru, na kila Ijumaa alizifunga karatasi zetu kwa uzi akaenda nazo nyumbani kuzisahihisha. Ukichelewa, ulikuta mlango umefungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye darasa kubwa, na aliamini kwamba sheria ikilegezwa kwa mmoja haitashika tena kwa yeyote.

Darasani mwetu alikuwamo Wambua, mwana wa wakulima wa Gatuanyaga. Surua ilimpofusha akiwa mdogo. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kujibu, na hakupenda kuomba. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike.

Kitabu cha insha hiyo kilikuwa kimoja tu maktabani, nasi tulipokezana. Wambua alisubiri mmoja wetu amsomee kwa sauti huku yeye akitoboa maelezo kwa breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole. Sasa fikiria jinsi tulivyofanya. Kila mtu alisoma, akaandika insha yake, akaisafisha, ndipo akakumbuka kwamba Wambua hajasomewa. Hakuna aliyekusudia ubaya, na yeye hakusema neno. Wiki mbili tulizopewa zilikuwa zinayoyoma alipoanza kukisikia kitabu.

Aliandika insha yake kwa breli usiku kucha. Kisha, kwa kuwa Mwalimu Kamau hakujua breli, ilibidi aipige chapa kwa taipureta ya ofisini, ambayo ilikuwa na nafasi Ijumaa asubuhi tu. Karani alikuwa ametoka kukata stenseli za kurudufishia mtihani. Kwa kazi hiyo utepe wa wino huondolewa njiani ili herufi zikate karatasi ya nta zenyewe, na karani alisahau kuurudisha. Wambua alipiga kurasa zote. Akapapasa mgongo wa karatasi, akazihisi herufi zimebonyea barabara, akaridhika.

Nilikuwa mlangoni kwa Mwalimu Kamau, nikikabidhi yangu, Wambua alipofika.

"Wambua, umeniletea nini?" mwalimu akauliza akifunua kurasa.

"Insha, mwalimu. Usiogope, haiumi."

"Hizi ni karatasi tupu."

Wambua alicheka, akidhani anataniwa. Niliichukua moja nikaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zilikuwapo, zimebonyea bila wino. Nikamwambia polepole. Kicheko kikamwisha. "Stenseli," akasema. "Karani alikuwa akikata stenseli."

Lazima ujue kilichokuwa hatarini. Asiyekuwa na alama za insha ile hakupelekwa mazoezi ya kufundisha muhula uliofuata. Angesubiri mwaka mzima, na kwao Gatuanyaga walikuwapo jamaa waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba masomo yake ni kujisumbua. Baba yake ndiye aliyewapinga. Wambua alijua wangemwambia nini baba yake.

"Nipe mpaka Jumatatu, mwalimu," akasema.

"Pole sana, lakini siwezi. Nikikuongezea wewe, kesho wote watakuja."

Nyuma yetu alikuwapo Njoroge, ambaye naye alikuwa hajamaliza. "Hata mimi niongezewe basi," akasema. "Jana stima ilipotea bwenini."

"Kwangu haijawahi kurudi, Njoroge," Wambua akamjibu.

Tulicheka, hata mwalimu. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshika uzi.

Madam Nyokabi, naibu wa mkuu wa chuo, alikuwa chumba cha pili na milango ilikuwa wazi. Alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Kamau, kitabu cha kazi hii kilitolewa lini?"

"Wiki mbili zilizopita, madam."

"Wambua, wewe kilikufikia lini?"

"Juzi jioni, madam."

Akamgeukia tena mwalimu. "Wenzake umewapa wiki mbili. Yeye umempa siku mbili."

"Makataa ni yale yale kwa wote, madam."

"Mwisho ni ule ule. Mwanzo je?"

Mwalimu Kamau aliutazama uzi. Akauweka mezani. Nilidhani mambo yameisha, kumbe zamu ya Wambua ndiyo kwanza inaanza.

"Na wewe," Madam Nyokabi akamwambia, "wiki mbili zote ulikuwa unangoja nini? Ulijua hujasomewa. Ofisi yangu unaijua kwa miguu."

"Sikutaka kusumbua watu, madam."

"Leo hujasumbua? Ungekuja siku ya kwanza, tungepanga msomaji, karani angekutengea mashine. Umenyamaza ili uonekane sawa na wenzako, na sasa uko hapa na karatasi tupu. Haya, nieleze. Kazi hii inahitaji muda gani?"

"Jumatatu itatosha."

"Sikukuuliza utuonyeshe ushujaa. Nimeuliza kazi inahitaji muda gani."

Niliona midomo ya Wambua ikipiga hesabu. "Jumatano," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyomjibia Njoroge.

"Jumatano saa sita. Ikipita hapo, mimi mwenyewe nitafunga mlango."

Njoroge akajaribu tena. Madam akamwambia, "Wewe kitabu ulikuwa nacho. Kaimalize sasa hivi, Kamau hajafunga."

Jumatano Wambua alileta insha yenye wino. Alipata alama za wastani, akanung'unika kama sisi wengine, na muhula uliofuata alipelekwa shule moja ya Ruiru kwa mazoezi. Tangu wakati huo Mwalimu Kamau, kabla ya kutangaza makataa yoyote, alimwuliza kwanza: "Wambua, kitabu kitakufikia lini?" Naye alijibu bila kupunguza wala kuongeza.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Kama mwili wako unakudai muda zaidi, useme mapema, kazi ikiwa bado mpya, na useme muda wa kweli, si ule utakaokufanya uonekane hodari. Hicho si kilio, ni maelezo ya jinsi unavyofanya kazi. Ukipewa, uutumie na uheshimu mwisho wake. Na kama siku moja wewe ndiwe utakayepanga makataa, usimngoje mtu aje akusihi mbele ya wenzake. Uliza kazi ilimfikia lini. Na ukiwa kama sisi tuliosimama pale mlangoni, msomee mwenzako kabla hujaisafisha insha yako.

Mungu akufungulie milango kabla hujabisha, akukutanishe na watu wa kukuuliza swali lililo sawa, na kila kazi ya mikono yako isomeke.