Bia Kwenye Kibuyu cha Mursik

Chepkurui wa Mogogosiek hajawahi kumkatalia mtu keki, na hiyo ndiyo shida yake. Keki za harusi, za ubatizo, zote zinatoka kwa jikoni yake ya mabati, zimeokwa ndani ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Kwa hivyo Joab, fundi wa mitambo pale kiwanda cha chai, alipomletea chupa kubwa ya bia iliyotengenezwa na vijana fulani Nairobi, akasema mkewe anataka keki ya machungwa iliyochanganywa na bia hiyo na si nyingine, Chepkurui alikubali kabla hajafikiria.

Aliyepaswa kufikiriwa ni mumewe, Weldon.

Weldon alikuwa amekunywa mpaka watu wakazoea kumruka akiwa amelala katikati ya mistari ya chai. Ng'ombe walienda kwa pombe, akabaki mmoja. Tecla, binti yao, alikuwa akimwona baba yake anakuja, anajificha nyuma ya choo. Halafu Weldon akaacha pombe. Ameacha kweli, jamani, lakini ni kuacha kwa kuuma meno: akikaribia baa anavuka barabara, na harusini hakai na wanaokunywa. Alimwambia mkewe wazi kwamba tone moja tu likigusa ulimi wake, amerudi kule.

Sasa mwanamke huyu akaingiza bia nyumbani! Alijiambia Weldon atakuwa kwa kituo cha kupima majani ya chai mpaka jioni, kwa sababu lori la kuyachukua huchelewa kila siku. Akakwaruza maganda ya machungwa na ndimu, akachapa siagi na sukari, akaweka unga na mayai, akamimina nusu chupa. Harufu ikajaa jikoni, tamu, na chini yake ile nyingine.

Keki ilikuwa bado kwa moto aliposikia kikohozi cha Weldon pale kwa ng'ombe. Lori, siku hiyo hasa, lilikuwa limekuja mapema. Uwii! Chupa haina kifuniko, na mlango ni mmoja. Alinyakua kibuyu kitupu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, akamwaga bia iliyobaki ndani, akakaza kifuniko, akasukuma chupa ndani ya gunia la makaa.

“Hapa kunanukia, Mama Tecla,” Weldon alisema akivua gamubuti.

“Ni machungwa, Baba Tecla. Hebu kaa nje upate hewa, nitakuletea chai.”

“Chai nimeibeba mgongoni tangu asubuhi. Nataka maziwa.” Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kibuyu.

“Hiyo bado! Haijaiva!”

“Wacha nionje hivyo hivyo, koo limekauka.” Alicheka, akakiinua juu mkewe asikifikie, akakitikisa vile mursik hutikiswa kabla ya kumiminwa, kwa nguvu. Weldon akang'oa kifuniko.

Povu liliruka mpaka kwa mabati. Lilimlowesha uso, shingo na mikono yote miwili. Akasimama pale pale, midomo ameifunga kabisa, bia ikimtiririka kwenye masharubu. Chepkurui aliangalia ule mdomo tu. Mungu wangu, asilambe.

Weldon alinyoosha mikono mbali na mwili, akaonyesha jagi la maji kwa kidevu. Chepkurui alimwagia. Alijisugua uso kwa sabuni, akajisuuza, akajisugua tena mpaka ngozi ikawa nyekundu, na ndipo akafungua mdomo.

“Si ungeniambia? Ningekaa kwa jirani Kipkemoi mpaka umalize.”

“Niliogopa.”

“Hata mimi naogopa, Mama Tecla. Kila siku naogopa. Lakini nilidhani wewe huogopi.”

Keki ilianza kuungua upande wa chini, na hakuna aliyeigeukia. Jagi likaisha. Weldon alikuwa bado ameinama, mikono mbele, macho ameyafumba.

“Lete maji mengine,” alisema. “Bado naisikia.”