Jicho la Kushoto

Mdogo wangu wa kiume mtaani wanamwita Mnyoosha Sura. Jina alipewa kwa kejeli na muuza vocha wa mlango wa pili, likamkaa, mwishowe akaliandika kwenye kibao. Chumba chake cha kazi ni hatua nne kwa sita: meza, kompyuta, skana, na pazia jeupe la kupigia picha za vitambulisho. Vitambulisho ni kazi ya kujaza tumbo tu. Anachokipenda ni kurudisha picha zilizoharibika: harusi iliyoliwa na mchwa, baba wa mtu aliyekaa amekunjwa mfukoni miaka ishirini. Anaifanya kazi hiyo tangu ana nywele kichwani.

Ila ana ugonjwa mmoja. Kazi ambayo haijaisha haitoi, hata umpigie magoti.

Mimi nilimpelekea picha ya mwanangu wa kwanza. Mungu alimchukua akiwa na miaka minne, na picha yake ilikuwa hiyo moja. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo cha fremu. Mdogo wangu aliipitisha kwenye skana hivyohivyo na kioo chake, ndipo akajaribu kuibandua kwa maji na wembe. Karatasi ikatoka nyeupe, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande.

"Usilie, dada," akaniambia. "Mpwa wangu tayari yumo kwenye mashine. Hapotei tena."

Alimtengeneza wiki sita. Shati likarudi, shavu likarudi, hata kifungo kilichokatika kikaonekana kimekatika. Likabaki jicho la kushoto, ambalo doa lilikuwa limelifunika lote.

"Nichapie hivyohivyo," nilimwambia.

"Jicho bado."

"Mimi ni mama yake. Nitalijazia mwenyewe."

"Dada, nikikupa mtoto mwenye jicho la kubahatisha, kila ukimtazama utaniona mimi. Subiri."

Nikasubiri.

Jumanne moja asubuhi alipata barua pepe ya mtu asiyemjua, ina picha ndani. Tafadhali, iliandikwa, picha ya marehemu mama yangu haifunguki vizuri, nimeambiwa wewe unaweza. Akaifungua kwenye ile programu yake ya kurekebishia picha. Programu ikasita, kisha ikajifunga yenyewe. Mwingine angeachana nayo, lakini yeye picha mbovu ndiyo riziki yake. Akaifungua tena, ikajifunga tena. Nilikuwa nimekaa pale namenya machungwa.

"Huyu mama mkaidi kweli," akasema.

"Labda hataki kunyooshwa," nikamjibu, tukacheka. Akaifungua mara ya tatu.

Kufika saa sita mchana, picha zote ndani ya mashine zilikuwa zimebadilika majina, na hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Nakala za akiba alikuwa nazo, kwenye diski ya kuchomeka kwa waya. Lakini tundu la waya lilikuwa limelegea, ukiuchomoa ni shughuli kuurudisha, basi aliuacha umechomekwa mwaka mzima. Diski nayo ikaliwa.

Tulimwita fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye mafua, akakaa na mashine siku mbili.

"Mama, iko hivi," akanieleza. "Picha ikiingia inataja kwanza ukubwa wake, na programu inaitengea nafasi ya ukubwa huo kwenye kumbukumbu ya mashine. Hii ilijitaja ndogo, kumbe imebeba shehena. Programu haikupima, ikamimina tu. Ikafurika mpaka nafasi ya jirani, na huko jirani ndiko programu inakoweka maagizo ya kufuata. Kilichofurika kilikuwa maagizo ya mwizi. Mashine ikayatii."

"Kwa nini ilijifunga kwanza?"

"Mara mbili mwizi alikosa shabaha. Ya tatu akapata." Akapenga kamasi, akamgeukia mdogo wangu. "Waliotengeneza programu walishaliziba tundu hilo la kufurikia, miezi minane sasa. Hukuona taarifa ya toleo jipya, mzee?"

"Niliiona."

Aliiona kila asubuhi, na kila asubuhi alibonyeza 'baadaye'. Toleo lililotangulia lilikuwa limehamisha vitufe vyote, na mkono wake ukachukua miezi kuzoea upya. Hakutaka kuanza tena.

Wenye picha wakaanza kuja. Wapo waliolia, wapo waliosema amewauza marehemu wao. Muuza vocha akasema mlangoni, kwa sauti ya kutosha, "Mnyoosha Sura leo kapindwa yake." Wezi walikuwa wameacha anwani ya kuwaandikia, walipwe ndipo wazifungue picha. Tuliwaandikia, hawakujibu. Kibao akakishusha mwenyewe.

Kwenye sala namwambia Mungu nimemsamehe mdogo wangu. Namwambia kila siku, kwa hiyo nadhani Naye anajua.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na karatasi ngumu na penseli. Amekonda. Alikaa kwenye mkeka, hakutaka chai.

"Dada, nataka kumchora. Wiki sita nilimtazama yeye tu, shavu lake nalijua, mdomo naujua. Lakini jicho la kushoto sikuwahi kuliona. Wewe ulisema utalijazia. Lilikuwa sawa na la kulia, au dogo kidogo kama la baba yetu?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mtoto huyo nilimnyonyesha, nilimwogesha, na siku ya mwisho macho hayo niliyafumba kwa vidole hivi. Nilimtafuta kichwani, akaja na shati, akaja na kifungo chake. Jicho halikuja.

"Yalikuwa sawa," nikamwambia.

Akachonga penseli, akaanza.