Nilianza mafunzo ya tiba ya ACT hapa Tabora, mwenzangu wa mazoezi akawa mama aliyeezuliwa nyumba na babu yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote, mnaosoma mkiwa kazini na mnaosoma mkiwa bado kitandani.

Ninayoyaandika yametokea. Nilichobadilisha ni majina tu. Mama ninayemtaja humu ameusoma uzi huu kabla yenu na ameniruhusu, kwa sharti moja: "Usiniandike kama bibi kizee, bado nina meno yangu yote."

Mimi ni binti, mzaliwa wa mkoa huu. Nimesomea ustawi wa jamii. Nilihitimu nikiamini kwamba watu wengi katika nchi hii wanabeba mambo mazito bila mtu wa kuwasikiliza, na kwamba nina wajibu wa kuwa mmoja wa wasikilizaji. Bado naamini hivyo, ingawa sasa naamini kwa sauti ya chini.

Mwaka huu nikapata nafasi katika mafunzo ya kitaalamu ya ACT. Kwa wasioifahamu, ni tiba ya mazungumzo, kwa Kiingereza Acceptance and Commitment Therapy. Haikuahidi kwamba maumivu yataondoka. Inakufundisha kukubali kwamba yapo, kuacha kuyakimbia, kisha kujitoa kufanya lile unalolithamini huku maumivu hayo yakiwa bado yamekukalia begani.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kukodi njia ya Kipalapala. Nilikwenda na kalamu mpya na adabu zote, nikitegemea kufundishwa namna ya kuwatibu watu.

Mwalimu wetu, mama mpole kutoka Dodoma, akatushangaza mapema. Akasema kabla hujamwongoza mtu kuingia kwenye maumivu yake, ingia kwanza kwenye yako. Kila mtu achukue mwenzake, na kila mmoja alete jambo la kweli linalomsumbua. Si igizo.

Nikapangwa na Mama Mwajuma, muuguzi anayekaribia kustaafu, mkazi wa Mtendeni. Mcheshi kuliko ukumbi mzima. Aliponiona na daftari langu akasema, "Mwanangu, unaniandikia dawa au unanisikiliza?"

Nilianza mimi. Nikasema nasumbuliwa na hofu ya kuongea mbele za watu.

Wakuu, sina hofu hiyo. Nimekuwa kiongozi wa mijadala tangu sekondari. Nilichagua jambo dogo, safi, lisilochafua nguo. Mama Mwajuma akanisikiliza kwa uangalifu mkubwa, na hilo ndilo lililoanza kunichoma.

Ikafika zamu yake.

Akasimulia kwamba alikuwa mtoto mdogo wakati watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa. Kwao walikaa kwa kutawanyika, kando ya njia ya zamani ya misafara, kila kaya na mihogo yake. Asubuhi moja wakaja mgambo. Mbele yao kijana mmoja mwenye kipaza sauti, akitangaza kwamba kijiji kipya kina shule, kina maji, kina zahanati, na kwamba kila mtu afungashe.

Baba yake aliomba wasubiri mvua zipite. Nyumba ikaezuliwa chungu kikiwa bado jikoni.

Mvua ikawakuta kijiji kipya, kwenye kibanda cha majani. Mdogo wake Zuhura, aliyekuwa bado ananyonya, akakohoa siku kadhaa, kisha akafa. Wakamzika upesi pembeni, kabla viwanja havijapimwa. Baadaye viwanja vikapimwa, mashamba yakagawanywa, na kaburi likapotelea humo.

"Yule kijana tulimwita Bwana Kipaza," akasema. "Sauti yake naisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo."

Akataja kijiji. Kiko upande wa Ulyankulu. Sitakitaja.

Nilikijua. Mama yangu mzazi alisoma shule ya kijiji kile. Na Bwana Kipaza ni babu yangu, mzazi wa mama. Jina hilo nimelisikia wazee wakimwita tangu utotoni, nikidhani ni sifa.

Naomba mnielewe hapa. Sijaja kufungua vita ya siasa. Mimi ni miongoni mwa vijana waliousoma Ujamaa chuoni na kuupenda. Babu ndiye aliyenipandikiza moyo huo. Alinisimulia jinsi walivyofyatua matofali ya shule kwa mikono yao, wakiimba. Hakuwahi kunisimulia kuhusu paa lolote.

Zoezi lilidai nimwambie mwenzangu ninachohisi wakati huo huo. Nikasema, "Pole sana, mama." Mwalimu akapita, akaniangalia, akauliza taratibu, "Hapo ulipo, unakimbia nini?"

Mafunzo yana mbinu ya kulitenga wazo na nafsi yako. Husemi "mimi ni mwovu", unasema "naona nina wazo kwamba mimi ni mwovu." Nikaijaribu kimoyomoyo. Naona nina wazo kwamba mimi ni mjukuu wa Bwana Kipaza. Haikusaidia, kwa sababu halikuwa wazo. Nilikuwa kweli mjukuu wake.

Basi nikamwambia.

Mama Mwajuma aliacha kutikisa mguu. "Yule yule?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Baada ya chakula cha mchana akakaa na mtu mwingine. Mimi nikabaki na kiti kitupu mbele yangu, nikiona aibu ambayo sikujua niiweke wapi: kwa ajili ya babu, kwa ajili ya kumpenda, na kwa ajili ya uongo wangu wa asubuhi.

Kesho yake akanisimamisha mlangoni.

"Sitafuti ugomvi. Mama yangu amekufa hajui mwanawe amelala wapi. Babu yako ndiye aliyepima viwanja. Nipeleke nimuulize, basi."

Nikakimbilia kwa mwalimu, nikitumaini atasema kanuni za mafunzo haziruhusu. Akasema, "Siwezi kukuamulia. Mkienda, msiende kama wanafunzi wangu. Na usiliite zoezi."

Tukaenda Jumamosi. Nilikuwa nimepanga kumpigia babu simu nimwandae. Nikaishika ile simu mara nyingi, sikupiga. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima kwa Mama Mwajuma au woga kwa babu.

Tulimkuta nje ya nyumba yake, kijijini kule kule, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Akatabasamu aliponiona. "Mke wangu! Leo umeniletea na mke mwenzio?"

Wakuu, kwetu babu na mjukuu ni watani, na siku nyingine yoyote ningecheka. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Mama Mwajuma akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee." Kisha akajitambulisha kwa jina la baba yake na mahali walipokuwa wakikaa zamani.

Babu hakuitikia marahaba. Alibaki na gunzi mkononi. Alikuwa amemjua baba yule.

Mama akaeleza shida yake kwa sentensi chache, kama anayetoa taarifa za mgonjwa. Hakulaumu. Babu akasikiliza hadi mwisho, akainuka kwa fimbo, akasema, "Twendeni."

Nilifurahi, naomba Mungu anisamehe. Nilidhani tumefika.

Akatupitisha kwenye matuta ya tumbaku, akasita, akageuka kushoto, akasita tena, hadi kwenye bonde dogo lenye nyasi. Akainyoosha fimbo. "Hapa. Alizikwa hapa."

Mama Mwajuma akavua viatu. Akajifunika vizuri ushungi, akainua mikono kuomba dua. Mabega yake yakashuka. Sijawahi kuona mtu akipumua namna ile.

Na mimi nikaiangalia ile ardhi, nikajua kwamba babu anasema uongo.

Bonde lile ni shimo la udongo wa matofali ya shule. Yeye mwenyewe alinionyesha nikiwa mdogo. Walilichimba miaka ile ile. Kama pangekuwa na kaburi, wangelifukua.

Ningeweza kunyamaza. Mama angerudi Mtendeni na amani yake, babu angebaki na heshima yake. Kila kitu ndani yangu kilisema nyamaza. Lakini nikamwona akija pale kila mwaka, akiombea shimo la matofali, na mimi ninajua.

"Babu," nikasema, "hapa ndipo mlipochimba udongo wa shule."

Aliniangalia kama mtu ambaye hajawahi kunilea.

Mama akashusha mikono polepole.

Babu akakaa chini kwenye nyasi, mzee mzima. "Sijui alipo," akasema. "Sikuwahi kujua. Tulihesabu kaya. Mtoto wa mgongoni hakuwa na kiwanja."

Nilitegemea Mama Mwajuma apige kelele. Angekuwa na haki. Alivaa kiatu kimoja, akasahau kingine, akaliangalia shamba lote, tumbaku mpaka kwenye miti.

"Basi nitaliombea lote," akasema. Akaomba, muda mrefu, akigeukia upande mmoja kisha mwingine.

Alipomaliza akamwendea babu. "Aliitwa Zuhura. Wewe mwenye sauti, litaje."

Babu akajaribu, sauti ikagoma. Akajaribu tena. "Zuhura," akasema. Mama akasubiri. "Zuhura," akasema kwa nguvu zaidi, na watu waliokuwa shambani kwa mbali wakainua vichwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kaburi halikupatikana.

Wajomba zangu wamenipigia simu kwa zamu. "Umemwaibisha mzee mbele ya mgeni, elimu gani hiyo?" Babu mwenyewe hajataka kuongea nami tangu siku ile. Mama Mwajuma amerudi kuwa mwenzangu wa mazoezi, lakini hatujawa marafiki kama kwenye hadithi. Siku nyingine ananitania, siku nyingine hawezi kuniangalia, na zote mbili nazikubali.

Nilichojifunza, wakuu: niliingia kwenye mafunzo nikitaka kuwafundisha watu kuishi na maumivu yao, na sikuwa nimewahi kukaa na aibu yangu hata kwa dakika chache bila kutafuta mlango. Aibu hii haijaondoka. Naandika nayo. Nimeamua kuendelea na mafunzo nikiwa nayo, kwa sababu sitaki mtu mwingine anisimulie jambo la kweli nami nimjibu kwa jambo la kuazima.

Sasa naomba maoni yenu, hasa nyinyi ambao familia zenu zilihamishwa na nyinyi ambao wazee wenu walihamisha. Pale shambani, mama ameinua mikono, ungekuwa wewe ungesema au ungenyamaza? Matusi nitayapokea. Ila babu yangu muacheni, nitukaneni mimi.