Mtu Aliyeitoa Nyumba Yangu Chini ya Wino

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye duka la fotokopi hapa Tunduma, nasubiri nakala ya cheti cha ubatizo cha mjukuu wangu, mwenye duka akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Yule mchora ramani mwembamba, wa sweta la kijani, amefariki. Wanazika kesho Ihanda." Nilishika kaunta. Wasomaji wa safu hii mnanijua. Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni, na naona aibu kukiandika: niliiogopea nyumba yangu. Niliwaza, sasa ule mstari kauacha mikononi mwa nani?

Nieleze, maana si wote mlikuwepo. Nyumba yangu ipo mtaa wa nyuma kabisa, kule ambako ukimwaga maji ya vyombo kwa nguvu yanaangukia Zambia. Miaka kadhaa iliyopita iliagizwa ramani ya mitaa ya mpakani, na kazi ikapewa kiofisi kimoja binafsi cha upimaji ambamo marehemu alikuwa anachora kwa kompyuta. Ramani ikabandikwa ofisi ya mtaa. Wakaja wageni wa serikali kuikagua, na mmoja wao akatamka mbele ya watu kwamba vyote vilivyomo ndani ya mstari wa mpaka vitaondolewa. Huenda alikuwa na maana nyingine. Mimi nilisimama mbali na sikusikia kila neno, kwa hiyo simhukumu. Lakini walipoondoka tukaisogelea ile ramani, na mpaka tukaukuta umechorwa mwekundu, mnene kama jongoo, na vile visanduku vya kijivu ambavyo ndivyo nyumba zetu vimeingia chini yake. Jirani yangu mwenye malori, mtu wa Tanga, hodari wa hesabu, akamwita binti yake aliyekuwa anatoka shule, akamwomba rula. Akaiweka juu ya mstari. "Milimita nne," akasema. "Na hapa chini wameandika milimita moja ni mita mbili na nusu. Mita kumi hizo, bwana wee. Tano za wenzetu, tano zetu." Akagusa kisanduku chake. "Jiko langu limekwenda." Kisha akakitafuta kisanduku changu kwa kidole. "Na wewe, ndugu yangu, chumba cha nyuma." Chumba cha nyuma ndimo alimokuwa analala mama yangu.

Sikulala wala sikula sawasawa siku zile. Nilisikia tingatinga katika kila lori lililokuwa linapiga resi kwenye foleni ya forodha. Siku ya tatu nikachukua nyundo, nikaanza kung'oa dirisha la chumba cha mama, angalau fremu ipone, yeye nimpeleke Itaka kwa dada yangu. Mama akaketi kitandani akanitazama. "Unang'oa nini, we baba?" Nikamwambia mpaka unakuja. "Unakuja kutoka wapi? Mimi nimezaliwa ng'ambo, nimeolewa huku, nimevuka na mahindi kichwani tangu niko msichana. Kwenye huo mpaka sijawahi kujikwaa hata siku moja." Nikamwambia, mama, umeandikwa kwenye ramani. "Basi aliyeuandika aje aukalie yeye. Mimi, awe, hapana! Sitoki. Rudisha dirisha, baridi inaingia." Nililirudisha, lakini lilikuwa limeshapinda, na mpaka leo halifungi vizuri. Hilo halikufanywa na serikali wala na mchora ramani. Nililifanya mimi.

Kesho yake tulikwenda kwenye kile kiofisi, mimi na jirani. Nilitegemea kukuta mtu mwenye kiburi. Tulimkuta mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Jirani akamwambia moja kwa moja, "Mzee, umetubomolea." Akauliza tumejuaje. "Tumepima kwa rula." Hapo akacheka, kicheko cha fundi anayesikia kioja. "Jamani! Huo ni unene wa wino tu. Nimeunenepesha uonekane ukutani. Ardhini mpaka hauna unene, ni kutoka jiwe hili hadi jiwe lile, kama uzi. Nani anapima wino kwa rula?" Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Akavua miwani. Akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba wale wageni nao walimwomba rula. Alidhani wanataka kupigia mistari kwenye daftari lao.

Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile, na ninawaambia mimi ambaye woga ni kazi yangu. Mkono uliokuwa umeshika kipanya ulitetemeka. Akatuambia ukweli ambao angeweza kuuficha: kwanza alikuwa ameuchora mstari mwembamba, mkuu wake akaukataa. "Alisema mpaka wa nchi hauwezi kufanana na uzi wa cherehani. Nami nikakubali. Sikubishana. Ningeweza kubishana." Akaubonyeza ule mstari kwenye kioo cha kompyuta, kikafunguka kidirisha chenye namba, akafuta ile nne, akaandika sifuri nukta mbili. Mstari ukanywea. Na kutoka chini yake, wasomaji wangu, nikaona kisanduku changu kinatoka kizima, pembe zote nne, na chumba cha nyuma kimo. Jirani akasema, "Alhamdulillahi." Kuandika namba tu, na nyumba inarudi! Lakini badala ya kufurahi nikazidi kuogopa, maana inayorudi kwa kuandika namba, inaweza kuondoka kwa kuandika namba.

Alichapa ramani mpya, akaandika chini kwa herufi kubwa kwamba unene wa mstari si upana wa mpaka ardhini. Mkuu wake alikuwa safarini, na alikuwa ameacha agizo kwamba ramani isiguswe tena. Yeye akaikunja, akaiweka ndani ya bomba la plastiki, akapanda basi kuwapelekea wale wageni kwa mkono wake. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuendelezwa. Watu wa mtaa wetu walisema amefukuzwa kwa ajili yetu. Mimi nilimuuliza mkuu wake, akasema kazi zilikuwa zimepungua tu. Yote mawili nayaandika, kwa sababu sijui lipi ni kweli. Ninalolijua ni kwamba walipokuja kusafisha mpakani waliondoa vibanda viwili vilivyokuwa vimeegemea jiwe lenyewe la mpaka, na jiko la jirani yangu halikuguswa. Nilipokwenda kumshukuru yule mchoraji alikataa shukrani. "Sikuokoa nyumba yako, baba. Nimepunguza wino. Umejenga karibu na mpaka, na hilo sina kitufe cha kulipunguza." Tangu siku hiyo nimelala, ila jicho moja.

Alinieleza pia alivyofanya kazi ujana wake, kabla hajapunguzwa serikalini, kabla ofisi binafsi hazijachipuka na kompyuta zake. Walichora kwa kalamu za wino, kila kalamu na unene wake, na ukikosea ulikwangua kwa wembe hadi karatasi ikaribie kutoboka. "Kalamu ile ilinifundisha kuogopa," alisema. "Hii mashine haiogopi chochote. Ukiipa mstari inajichagulia rangi na unene, na vyovyote itakavyochagua, unapendeza." Mimi niliyeishia darasa la saba sina uwezo wa kubishana na mashine, na siisemi vibaya. Mji wetu umekua kwa mambo mapya. Bila biashara huria jirani yangu asingekuwa na malori. Ila nimeona pia kwamba siku hizi mambo yetu yanapangwa na watu wanaotazama kioo kizuri, na kioo hakionyeshi mama aliyeketi kitandani.

Baada ya maziko sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita kile kiofisi. Siku hizi anachora dada mmoja kijana, mpole, akanisikiliza bila kunicheka. Akafungua mpaka. Ukatokea mweusi, mnene, juu ya nyumba zote. Nikapiga kelele, "Mama, punguza!" Akashtuka. "Baba yangu, tulia, hivi ndivyo mashine inavyoufungua. Ngoja niite ramani aliyoiacha mzee." Akaitafuta, akaifungua, na mstari ukawa uzi. Kumbe katika kompyuta kila kitu cha ramani hukaa kwenye karatasi yake isiyoonekana, na kila karatasi hupewa jina: barabara, mito, majengo. Ile ya mpaka marehemu hakuiita mpaka. Dada akanisomea, kisha akasoma tena taratibu: "Chini ya huu wanalala watu, usinenepeshe."

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilidhani methali hiyo inatusema sisi wa mitaa ya nyuma. Sasa naona inamfaa zaidi aliyeshika kalamu. Niliyemzika Ihanda alikosea mara moja, akaogopa, akaendelea kuogopa kwa niaba yetu hadi mwisho. Atakayetuchora kesho, mimi sitamuuliza amesoma wapi. Nitamtazama mkono. Usipotetemeka hata kidogo, nitakwenda nyumbani kung'oa dirisha.